Ubwiri wa Jumatatu ya Pasaka

Szalkai Emőke alipokuwa mdogo, babu yake alimfundisha kwamba duniani kuna kuvu watatu tu. Wa kwanza ni yule mweusi anayetanda kwenye kuta za mahandaki ya mvinyo kama blanketi zito, na ukuta usio naye huonekana kama mtu asiye na shati. Wa pili ni yule wa kijivu anayezinyausha zabibu za vuli mpaka zinakuwa kama zabibu kavu, halafu mvinyo wake unatoka mtamu kuliko asali. Huyo watu wa Kővágás, kijiji chao, humvulia kofia. Wa tatu ni ubwiri unga, mweupe, unaoyaangukia majani kana kwamba mwokaji mikate amepita akikung'uta aproni. Huyo hapewi salamu. Huyo hupewa salfa.

Emőke akakua, akaenda chuo kikuu Budapest, na katika kuvu wote wa dunia hii akamchagua wa tatu.

"Msiba," babu alisema, akamwaga mvinyo kidogo chini kumwombea mjukuu, kidogo akanywa.

Miaka mingi ilipita, babu alizikwa, nywele za Emőke ziliingia mvi, naye bado alikuwa na ubwiri wake. Kazi ile haikuwa na njia ya mkato. Kuvu wengine unawapanda kwenye kisahani, unawapa mchuzi wa sukari, unaenda zako kulala. Ubwiri hautaki. Ubwiri unakula jani lililo hai tu, na jani likifa nao unakufa. Kwa hiyo Emőke aliulea kama mtu anavyolea mtoto anayekataa chupa: kila jani lilipochoka alichukua kijiti chenye unywele mmoja wa kope uliogundishwa kwenye ncha, akagusa unga ule mweupe chini ya hadubini, akauhamishia kwenye jani jipya. Kope zilikuwa zake mwenyewe. Katika taasisi ya utafiti alikofanya kazi walimtania kwamba siku atakapostaafu atakuwa na tuzo nyingi na jicho la kushoto lenye upara.

Alichotaka kukijua kilikuwa swali dogo lenye mkia mrefu. Ubwiri wa mmea mmoja haugusi mmea mwingine. Wa ngano ni wa ngano, wa mzabibu ni wa mzabibu. Lakini ukisoma vinasaba vyao unakuta ni ndugu, na wengine ni ndugu wa karibu kabisa ambao majumba yao hayafanani hata kidogo. Maana yake siku moja, mahali fulani, mmoja alihama. Aliruka kutoka meza moja akaenda kula kwenye meza nyingine, na wajukuu wake hawakurudi tena. Watu wameandika mengi kuhusu kuhama huko. Hakuna aliyekuwa amemkuta mhamaji mlangoni, na mizigo yake mkononi.

Emőke alimkuta mwezi wa pili mwaka ule.

Alikuwa amelea tangu ujana kizazi cha ubwiri alichokichuma makaburini Kővágás, kwenye ua la zambarau linaloinamisha kichwa, ambalo watu wa huko huliita mnara wa kengele. Kila majira ya baridi aliuwekea jani la mnyanya, na kila mara ubwiri ulilikataa. Mwaka ule doa moja lilishika. Doa lenyewe lilikuwa dogo, mtu angesema ni vumbi la chaki. Alilihamisha kwa kope, likashika tena. Akalihamisha kwenye miche mingine; mingi ikafa, mmoja ukaliwa na vidukari, ukabaki mnyanya mmoja kwenye kopo la maziwa ya mgando, una madoa meupe kwenye majani manne.

Mkuu wake, Gellért, mtu mwenye ndevu nadhifu na imani finyu, alikuja akatazama, akanyoosha mgongo.

"Picha sitaki, Emőke. Picha kila mtu anazo. Wageni wanaotupa fedha za utafiti wakija baada ya Pasaka, uwaonyeshe ukiwa hai, unahama mbele ya macho yao kutoka jani hadi jani. Ukiweza hivyo, hiki chumba ni chako mpaka utakapochoka mwenyewe. Ukishindwa, unajua wenzetu wanaotafiti viazi wanavyokimezea mate."

"Wenzetu wa viazi wana chumba tayari."

"Wana viazi vingi."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa hali yake wiki ile ya Pasaka. Taasisi ilitangaza kwamba umeme utakatwa siku za sikukuu, mafundi wabadilishe nyaya. Taa za mimea zingezimika. Emőke hakuhitaji kufikiri mara mbili. Alilitia kopo ndani ya sanduku la keki, akatoboa matundu, akapanda treni na mnyanya wake mapajani kwenda kwa mama.

Mama yake, Rozália, alimpokea mlangoni, akambusu shavu hili na lile, akachungulia sandukuni akitarajia keki.

"Hii nini?"

"Mnyanya, mama."

"Naona mnyanya. Hiyo nyeupe?"

"Ndiyo kazi yangu."

Bi Rozália alirudi nyuma hatua nzima. Nyuma yake, kila dirisha la nyumba lilikuwa na miche ya nyanya: kwenye makopo, kwenye vikombe vilivyovunjika mikono, kwenye sufuria ya babu. Ndivyo madirisha ya Kővágás yalivyo mwezi wa nne. Mtu akitaka kuona barabara lazima asogeze mnyanya.

"Umeniletea mgonjwa kwenye wodi ya wazazi," alisema.

"Nitauweka chumbani kwangu. Hautoki."

"Hautoki. Baba yako naye alisema paka hatapanda kitandani."

Na kweli Emőke aliuweka chumbani, chini ya mfuniko wa plastiki, Ijumaa Kuu na Jumamosi. Lakini Jumapili mfuniko ulianza kutoa jasho, na matone yakaanza kuning'inia juu ya majani. Kwa ubwiri, maji ni sumu. Tone moja juu ya mbegu zake na zinapasuka. Hiyo ndiyo ajabu yake, kuvu anayechukia kulowa. Asubuhi ya Jumatatu Emőke aliutoa mnyanya barazani, akaondoa mfuniko, akauacha upate hewa. Miche ya mama nayo ilikuwa imetolewa pale pale kuota jua. Aliisogeza mbali kidogo, akaketi na lenzi yake, akasahau siku.

Kuisahau siku ile lilikuwa kosa kubwa kwa mwanamke aliyezaliwa Kővágás. Jumatatu ya Pasaka wanaume huenda nyumba kwa nyumba kuwamwagia wanawake maji, wasije wakanyauka mwaka huo. Zamani ilikuwa ndoo ya kisimani na mayowe uani. Siku hizi wengi hubeba chupa ndogo ya marashi, wanasema shairi, wanakudondoshea kichwani, unawapa yai lililopakwa rangi na kikombe kidogo cha palinka, pombe kali ya matunda, wanaenda kwa jirani. Mwanamke ambaye hakumwagiwa hujificha kwa aibu, na mama yake zaidi.

Wa kwanza kufika kwa Bi Rozália kila mwaka alikuwa Mzee Vendel, jirani wa ukuta mmoja, mjane, mpulizaji salfa wa mashamba ya mizabibu ya nusu ya kijiji. Alikuwa amemmwagia Emőke tangu akiwa kwenye kitanda cha watoto, na hakuruka mwaka hata ule alipovunjika mguu. Aliletwa kwa toroli. Asubuhi hiyo aliingia barazani na suti yake nyeusi, kofia mkononi, chupa ya marashi mfukoni, akasimama wima kama mtoto wa shule.

*Nimeshuka kilimani, kiatu kina umande,*
*Nasikia humu ndani ua lakonda upande;*
*Nina tone mfukoni, mwenye nyumba na apende,*
*Nilimwagie kichwani, nipewe changu niende.*

"Mwagia, Mzee Vendel," alisema Emőke bila kuinua jicho kwenye lenzi, "lakini haraka."

Mzee alimdondoshea mvini. Harufu ya yasmini ikajaa baraza. Kisha akauona mnyanya. Aliuona ulivyokonda, majani ya chini yana umanjano, madoa meupe yanatisha. Na Mzee Vendel alikuwa mtu wa huruma.

"Na huyu maskini naye," alisema. "Naye asinyauke."

Akaibinya chupa mpaka ikalia.

Emőke alisimama. Marashi yale ni pombe tupu, harufu ni ya kusindikiza tu. Alikuwa akitazama majani manne yakilowa, unga ukigeuka uji, na mhamaji wake akifa mlangoni pamoja na mizigo yake.

"Mzee mjinga wewe," alisema. "Mjinga kabisa. Toka."

Hakupiga kelele. Ndiyo maana lilisikika vizuri zaidi, mpaka jikoni, ambako Bi Rozália alikuwa akija na sinia la mayai. Mzee Vendel aliivaa kofia yake kinyumenyume, akaigeuza, akatoka. Yai hakupewa. Palinka hakupewa. Watu wa Kővágás wana maneno mengi ya kumtukana mtu, na wote husameheana ikifika jioni, lakini kumwondoa mmwagiaji bila yai hakuna aliyewahi kulisikia.

"Nimekuzaa mimi?" mama aliuliza.

"Mama, kazi yangu ya miaka yote..."

"Nimekuuliza swali lingine."

Emőke alirudi Budapest siku iliyofuata na sanduku la keki. Chini ya hadubini aliona alichokitarajia: nyuzi zimesinyaa, mbegu zimekuwa kama mipira iliyotoboka. Alijaribu kuhamisha kwa kope, huku na huku, kila doa. Hakuna kilichoshika. Alimwambia Gellért, naye Gellért, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimletea kahawa, akanywa ya kwake mpaka nusu kikombe.

"Marashi gani?" hatimaye aliuliza.

"Yasmini."

"Mke wangu anayo hayo. Basi tutawaonyesha picha."

"Ulisema picha hutaki."

"Sitaki. Ndizo tulizonazo."

Wenzake wa viazi walianza kupita mlangoni na futi ya kupimia. Walisalimia kwa upole mwingi, jambo ambalo lilimuuma zaidi.

Wiki ya pili baada ya Pasaka, jioni, simu ililia. Mama yake alikuwa na tabia ya kusema "haloo" halafu kunyamaza, kana kwamba aliyepigiwa ndiye mwenye shida.

"Haloo."

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nyanya zangu za dirisha la jikoni zimeangukiwa na unga."

Emőke alishika meza. "Unga wa namna gani?"

"Wa kwako. Madoadoa. Niliyajua mara moja, nimekaa na picha zako ukutani tangu uhitimu. Nilikwambia wodi ya wazazi, ukaniambia hautoki."

"Mama, usiguse. Usimwagie, usifute, usipanguse hata vumbi. Miche mingine yote ihamishe sebuleni, hiyo iache hapo hapo."

"Nimeshamwambia Mzee Vendel. Anakuja kesho asubuhi na bomba lake."

"Mkatalie."

Sauti ya saa ya ukutani ya nyumbani ilisikika kwenye simu.

"Mimi simkatalii," alisema Bi Rozália. "Tangu Pasaka mtu wa watu hajakanyaga hapa. Jana nilipomwita kwenye ukuta aje anipulizie, alikuja mbio mpaka akajikwaa kwenye bata. Halafu mimi nimwambie hapana, rudi, hata salfa yako hatuitaki? Binti yangu amfukuze Pasaka, mimi nimfukuze wiki hii? Sina uso huo. Njoo umkatalie mwenyewe."

"Mama, hiyo ni kazi yangu yote hapo dirishani."

"Basi panda treni ya mapema," alisema mama, akakata.

Treni ya mapema iliondoka gizagiza. Emőke alikaa dirishani na mkoba wa vijiti vyake vya kope, akikihesabu kila kituo kama adui. Kichwani alikuwa na mambo mawili yakigombana. La kwanza lilikuwa la furaha: mbegu zile zilipaa barazani siku hiyo kabla ya marashi, zikatua kwenye miche ya mama, zikala. Bila kope, bila yeye, bila kubembelezwa. Hilo lilikuwa kubwa kuliko chochote alichokifanya maabara. Gellért angedai vinasaba kwanza, athibitishe ni ubwiri ule ule, na vinasaba angepewa. La pili lilikuwa kwamba mwanamume mwenye bomba la salfa mgongoni hutembea polepole, lakini hukaa nyumba ya pili.

Alimkuta langoni kwa mama yake. Bomba liko mgongoni, mpini wa kupampia umeshikwa, kofia ya kazi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Bi Rozália alikuwa mlangoni anafuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Mzee Vendel, subiri," Emőke aliita, akihema.

Mzee alisimama. Hakugeuka.

"Nani anaongea?" alimuuliza Bi Rozália.

"Emőke."

"Mwambie mimi mzee mjinga, sisikii vizuri."

Emőke aliuzunguka mgongo wake mpana, akasimama mbele yake. Wakiwa karibu hivyo aliona kwamba amenyoa, na mwanamume hanyoi kwa ajili ya kwenda kupuliza salfa.

"Nilikutukana," alisema. "Nilikuwa na uchungu, lakini uchungu haukuwa wako. Wewe ulikuja na heri, mimi nikakupa tusi. Nisamehe."

"Nilidhani nausaidia," mzee alisema.

"Najua."

"Mnyanya ulikuwa umekonda. Nimeona mimea iliyokonda maisha yangu yote, sijawahi kuona mtu anaipenda ikiwa hivyo."

"Ndiyo kazi yangu, Mzee Vendel. Na huko dirishani kuna mingine imekonda hivyo hivyo, nakuomba usiiguse. Ndiyo iliyobaki duniani. Ukipuliza leo, mimi sina tena kitu."

Mzee Vendel alitazama dirisha la jikoni. Alimtazama Bi Rozália. Kisha akalilegeza bomba polepole, mkanda mmoja, mkanda wa pili, akalisimamisha kando ya kisima.

"Haya. Salfa imesameheka," alisema. "Yai langu liko wapi?"

Bi Rozália alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na yai mkononi, jekundu la maganda ya vitunguu, lililochorwa herufi V kwa ncha ya kisu. Lilikuwa limekaa kabatini tangu Pasaka, na haishauriwi kulila.

Emőke alinyoosha mkono alipokee ampe. Mzee akatikisa kichwa.

"Yai linafuata maji. Mwaka huu mimi sijakumwagia. Nilikumwagia marashi, na marashi yale kumbe yalikuwa sumu. Basi hayahesabiki."

"Mzee Vendel, mimi nina karibu miaka sitini."

"Ndiyo maana. Mwaka mzima hujamwagiwa, unaona ulivyoanza kukauka?"

"Pasaka imepita."

"Na wewe ulikuwa na haraka ya kwenda Budapest."

Alimtazama mama yake kutafuta msaada. Mama yake alikuwa ameshaanza kuteremsha ndoo kisimani, kamba ikilia kwenye gurudumu, na uso wake hauna hata chembe ya hatia.

Emőke aliweka mkoba wa vijiti mbali, juu ya ukuta, mahali pakavu. Akavua miwani. Akasimama katikati ya ua na koti lake la mjini, mikono imekazwa ubavuni kama anayepimwa urefu.

"Shairi fupi," alisema. "Kuna baridi."

Mzee Vendel alilisema lote. Alilisema taratibu, neno kwa neno, na alipofika kwenye ua linalokonda upande alimtazama Emőke, akaendelea. Kisha akainyanyua ndoo kwa mikono miwili, mikono iliyopulizia milima mizima, akammwagia yote.

Maji ya kisima ya mwezi wa nne hayana adabu. Emőke alitoa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu darasa la tatu, na bata wa jirani wakaitikia. Alipofumbua macho, mzee alikuwa amesimama na ndoo tupu, kofia chini ya kwapa, anatabasamu na nusu ya meno.

Emőke akalichukua yai kwa mama yake, akampa. Bi Rozália akaleta palinka ya plamu, vikombe vitatu, wakatazamana machoni, wakanywa.

"Miche yangu ipo mingi," Mzee Vendel alimwambia Bi Rozália, akifuta sharubu. "Ile ya nyanya kubwa za moyo wa ng'ombe. Nitakuletea ujaze dirisha. Huyu mwache na wagonjwa wake."

"Ulete leo, kabla hajaniletea ugonjwa mwingine."

Emőke alikuwa ameshachukua mkoba wake ukutani na kuukimbilia mlango, anadondosha maji kila hatua. Mama yake alimwahi, akaziba mlango kwa mkono.

"Wapi?"

"Kuiona, mama. Nimetoka Budapest gizani."

"Umelowa chapachapa. Si ulisema maji yanaiua?" Alimgeuza kwa mabega. "Zunguka nyuma. Kuna taulo bafuni na gauni langu la bluu. Ukikauka ndiyo uje."

Kwa hiyo alipita uani, kando ya ukuta, na alipofika kwenye dirisha la jikoni alisimama hapo hapo, nje, maji yakimtiririka masikioni. Aliinamisha kichwa asikidondoshee kioo. Upande wa pili, kwenye sufuria ya babu, majani mabichi ya nyanya yalikuwa yamegeukia jua, na juu yake madoa meupe, makavu, mapana kuliko aliyoyaona maabara, yanapanuka bila haraka.

Nyuma yake Mzee Vendel alikuwa akipita na bomba lake kwenda nyumbani, yai mfukoni.

"Yanaendeleaje?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali hospitalini.

"Yanakula," alisema Emőke.

"Afadhali," alisema mzee, akatembea kwa kunyata mpaka langoni, asije akaangusha hata punje moja ya salfa.